Fomu ya Januari

Wananiita Bwana Shamba. Mimi ni Umazi,
binti wa muuza chumvi wa Gongoni,
nimeolewa, nimeachika, nina pikipiki ya serikali
isiyo na kioo cha kushoto.
Cheo kina jinsia yake, nami nimekivaa
kama koti la marehemu: mikono inapwaya, joto lipo.

Ganda, kwa Mbodze wa Changawa,
mikanju kumi na mmoja imebanana
kama watu kwenye foleni ya mahindi ya msaada,
kila mmoja kamkanyaga mwenzake, jua halina pa kupenya.
Maua yamepakwa weupe.
Ni ubwiri, nikamwambia, ukungu unaokula ua
kabla halijawa tunda.
Akasema: Naujua. Sisi twauita njaa.

Nikamweleza nilivyofunzwa:
kata mti uliochoka, uache kisiki cha kiunoni,
ngoja machipukizi, ubebeshe kikonyo cha mti mzaaji,
funga kwa plastiki, usiguse, omba mvua.
Alisikiliza huku akibangua korosho za mwaka jana,
moja nzima, tatu vipande.

Kisha akahesabu, si kwa vidole, kwa miti.
Huu, walikuja wa pamba, tukang'oa mihogo.
Huu, walikuja wa mrangi, tukang'oa pamba.
Huu, walikuja wa hii hii kanju,
mizani ikafika mpaka pale barabarani, msimu mmoja,
halafu ikatiwa kufuli, na kufuli likashika kutu.
"Wote walikuwa na kalamu mfukoni, mwanangu.
Nilipewa kofia. Kofia ninayo."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kofia tano mkobani.
Sikuzitoa.

Akanipa mmoja. Wa saba, wa pembeni,
ambao hata mbuzi hawalali chini yake.
Tuliukata sote wawili, msumeno ukienda na kurudi
kama watu wanaobishana bila hasira.
Saa sita mchana ukaanguka,
na kwa mara ya kwanza tangu mumewe azikwe
jua likaingia mpaka mlangoni mwa jiko.
Alisimama akilitazama. Hakusema ni zuri.
Alihamisha mtungi.

Wiki ya tatu, kisiki kimya. Wiki ya tano, kimya.
Majirani walipita wakipunguza mwendo
kama wapitao penye matanga.
Usiku, katika chumba changu cha kupanga Malindi mjini,
feni ilikuwa ikipiga hesabu juu ya kichwa changu:
kilo mbili kwa mti, kilo mbili kwa mti,
hata hizo mbili umemnyima.

Wiki ya saba, machipukizi,
mekundu kama masikio ya mtoto wa jana.
Tukabebesha kumi na mawili.
Mbuzi wakala tisa.

Matatu yakashika.

Siku ya kupeleka fomu nilikaa na kalamu.
Wakulima waliofikiwa: mmoja.
Waliokubali: kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha la,
hakuna kisanduku cha mti mmoja katika kumi na mmoja,
wala cha mtungi uliohamishwa.
Nikawasha pikipiki nikamwulize nijaze nini.

Nilimkuta kazungushia kisiki matawi ya mgunga,
miiba nje, kama mlinzi aliyekosa usingizi.
Nyuma yake, mti wa tatu na wa tisa
ilikuwa imefungwa uzi mwekundu shinani.
Hakunisalimu. Aliuliza: "Kukata sawa au mshazari?"
Mshazari, nikasema, maji yasituame.
"Haya. Nenda zako. Msumeno uache."
Ni wa serikali, Mama Changawa, nimeutilia sahihi.
Akaingia ndani, akatoka na ile kofia yake ya zamani,
rangi imemwisha, nembo haisomeki,
akanivika.

Fomu yangu ya Januari iko ofisini, ndani ya faili la kijani.
Waliokubali: nimepaacha wazi.
Vifaa vilivyopotea: msumeno mmoja.